Libofywalo Lipo

Ofisi ya vitu vilivyosahauliwa, stesheni ya Miskolc,
mlango wa tatu baada ya choo cha kulipia.
Januari. Hita inakohoa kuliko abiria.
Nimeletwa na barua ya mistari miwili:
Emőke, programu yako inagawa mali za watu.
Njoo na glavu.

Piroska ana miaka sitini na minne
na mkono wa kulia unaotetemeka tangu upasuaji.
Hakunilaumu. Alinivutia kiti,
akasema, Kaa, tazama mwenyewe.

Kwenye skrini, orodha:
mwavuli mweusi, mpini wa mbao;
mwavuli mweusi, mpini umevunjika;
mkongojo mmoja
(nani hushuka treni akausahau mkongojo?
nani hupona njiani?);
meno ya bandia, ya juu;
fidla ndani ya mfuko wa nailoni.

Mbofyo mmoja: soma habari zake.
Mibofyo miwili: mwenyewe amekichukua, kifute.
Ndivyo nilivyoandika nikiwa na miaka ishirini na sita
na kidole kinachotii kama askari wa gwaride.
Kati ya mmoja na miwili niliweka nusu sekunde,
nikadhani nusu sekunde ni ukuta.

Akabofya meno. Alikusudia mara moja, nilimwona.
Mkono ukaongeza wa pili,
kama kigugumizi kinavyorudia silabi,
na meno yakaenda kwa mwenyewe asiyejulikana.

Kisha akashuka chini ya fidla,
kwenye weupe,
pale orodha inapokwisha na skrini bado ipo.
Akabofya weupe.
Fidla ikatoweka.

Lisemwalo lipo, husemwa.
Programu yangu ilipitiliza: libofywalo lipo.
Haikuuliza kishale kimetua wapi.
Ilimkamata aliyechaguliwa mwisho,
kama polisi anayetaka kufunga jalada
kabla ya chakula cha mchana.

Nililala pale pale, au tuseme sikulala.
Treni ya Szerencs ilipita, ikatikisa vikombe,
nami nikiifundisha orodha swali moja tu:
kutoka kushoto hatua hizi, kutoka juu hatua hizi,
kidole kimemgusa nani?
Na jibu likiwa hasi moja,
nyamaza.
Usibahatishe. Usimtaje wa jirani.
Hasi moja si kosa,
ni anwani ya mahali pasipo na mtu.

Mibofyo miwili nikaivua madaraka.
Kufuta nikakupeleka mbali, pembeni,
kwenye kitufe kipana kama sahani
kinachouliza, Una hakika?
na kusubiri bila kutazama saa.
Fidla nikairudisha kwa mkono, herufi kwa herufi.
Meno pia.

Asubuhi nikamwambia, Bofya patupu.
Akabofya. Kimya.
Akabofya tena, mara nne, mara tisa,
akicheka kama mtoto anayepiga mlango
wa nyumba anayojua imehamwa.

Ndipo nikauliza jambo ambalo kumbukumbu za mashine
zilikuwa zimeninong'oneza usiku:
mibofyo mia mbili na kumi na moja, mwezi mmoja,
yote kwenye weupe.
Huo si mtetemeko, Piroska.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.
Kaka yangu Vendel, alisema,
alishuka Füzesabony kununua sigara,
mwaka wa sabini na tisa.
Sanduku lake lilifika hapa, kwenye rafu ile.
Nilikuja kulichukua, nikaomba na kazi.

Hita ikakohoa.
Mtu akagonga dirishani akitafuta mwavuli mweusi;
tukamuuliza mpini.

Nikifika mwisho wa orodha, alisema baadaye,
mkono huendelea.

Kwenye ripoti sikuandika hayo. Niliandika:
Mbofyo nje ya mistari hautendi kitu.
Imerekebishwa.